Naambiwa niache Kiswahili ili mwanangu ajue Kihakka cha bibi yake

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni Mtanzania, mzaliwa wa Muheza, Tanga. Nilikuja Hong Kong kibiashara, nikawa nanunua simu na vipuri pale Chungking Mansions, lile jengo la maduka, na kutuma Dar, kama walivyofanya wenzangu wengi. Huku huku nikapata mume, na sasa tuna mtoto wa kiume wa miaka 5. Tunaishi Tsuen Wan, ghorofani juu kabisa, pamoja na mama mkwe wangu. Sote tunamwita Apo, ndivyo wanavyomwita bibi kwa lugha yao.

Hiyo lugha yao ndiyo imenifanya nikuandikie.

Nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba nimeolewa Uchinani, wanadhani Kichina ni kimoja. Mume wangu ni Mhakka. Mjini hapa watu wanaongea Kikantoni, shuleni kuna Kiingereza pia, na Kimandarini cha Beijing kinafundishwa. Kihakka ni kitu kingine kabisa, na Mkantoni ambaye hajakizoea anaambulia neno hapa na pale tu. Apo anasema alipokuwa msichana Tsuen Wan yote ilikuwa vijiji na mashamba, na Kihakka ndicho kilichosikika kila upande. Walilima mpunga, mananasi yalikuwa mlimani. Wanawake walipanda kukata kuni na majani, wakateremka na mizega mabegani, wamevaa zile kofia pana zenye pindo la kitambaa cheusi. Leo kijiji kimoja cha zamani, Sam Tung Uk, kilichojengwa 1786, ni makumbusho jirani na kituo cha treni. Tunampeleka mtoto kuona majembe na majungu. Apo akiingia mle anataka kushika kila kitu, anasema vyombo hivyo hivyo alikuwa navyo jikoni kwake, na mlinzi anamwomba kwa adabu asiguse.

Tangu mume wangu azaliwe, mama yake anamsemesha Kihakka na yeye anamjibu Kikantoni. Wifi yangu hivyo hivyo. Watoto wa shemeji yangu mkubwa hawaelewi hata kidogo. Haikuwa shida, kwa sababu Apo alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha nguo na Kikantoni chake kilikuwa safi. Kisha akapata kiharusi chepesi. Mkono umerudi, mguu umerudi, ila Kikantoni kinamponyoka. Asubuhi anacho kidogo, ikifika jioni ni Kihakka kitupu. Huimba nyimbo za kanisani kwa Kihakka, beti zote bila kukosea, halafu anamwita mjukuu wake na mtoto hajui anaitiwa nini. Mimi ndiye ninayeshinda naye, kwa hiyo nimeokota Kihakka cha jikoni: umekula, dawa, maji ya moto, panauma wapi.

Sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina tulikuwa kwa shemeji. Apo alimwambia mwanangu jambo huku anamwekea kipande cha tofu iliyojazwa nyama. Mtoto akanigeukia na kuniuliza kwa Kiswahili, kwa sauti, "Mama, Apo anasemaje?" Meza nzima kimya. Shemeji akaweka vijiti chini, akatoa methali yao: ni afadhali kuuza shamba la mababu kuliko kusahau maneno ya mababu. Kisha akaongeza kwamba katika ukoo wao sasa kuna mtoto anayejua lugha ya Afrika na hajui ya babu yake.

Njiani mume wangu hakusema neno. Tulipofika nyumbani akaniambia mtoto anakaribia darasa la kwanza. Kikantoni, Kiingereza na Kimandarini hana jinsi ya kuvikwepa. Tukiongeza Kihakka, Kiswahili kingoje. Alisema hivi: "Lugha yako ina mamilioni ya watu, haiendi popote. Ya mama inaondoka na mama." Nilikosa la kumjibu, maana ni kweli.

Lakini Shangazi, mama yangu Muheza anaongea na mjukuu wake kila Jumapili kwa simu, na hajui Kiingereza. Mimi nikimbembeleza mtoto, nikimkanya, nikimwombea, ni kwa Kiswahili. (Bibi yangu mzaa mama yeye alikuwa wa Kibondei, lakini hayo ni mengine.) Shangazi wa mume wangu aliyeko Longgang, katika mji wa Shenzhen ng'ambo ya mpaka, China bara, amejitolea kumchukua mtoto wakati wa likizo ndefu ili akaokote Kihakka kule. Mume amependa wazo hilo. Mimi moyo unasita.

Je, niache Kiswahili? Nikikataa, nitakuwa nimesaidia kuizika lugha ya watu walionipokea?

Mama wa Ghorofani,
Tsuen Wan, Hong Kong

JIBU

Marahaba mwanangu, pole na hongera kwa pamoja. Pole kwa ile meza ya sikukuu. Hongera kwa sababu ugeni wako haukukuzuia kujifunza kumuuliza mama mkwe panauma wapi kwa lugha yake, jambo ambalo wajukuu zake wa damu hawaliwezi.

Umeniuliza swali moja, niache au nisiache. Nikiisoma barua naona mambo matatu yamefungwa kamba moja. Yupo mama mtu mzima anayebaki bila wa kuzungumza naye. Yupo mume aliyechomwa na maneno ya kaka yake. Na yupo mtoto wa miaka 5 anayetakiwa aponye yote mawili. Mimi ningeifungua kamba hiyo kwanza.

Anza na lile ambalo wote mezani walilichukulia kuwa dhahiri: kwamba Kiswahili kimekalia kiti cha Kihakka. Watoto wa shemeji yako hawana neno la Kiswahili. Mama yao hakutoka Muheza. Mbona nao hawajui Kihakka?

Kiti hicho kilikaliwa zamani, na waliokikalia wanajulikana. Baada ya vita ya pili ya dunia watu kwa maelfu walikimbilia Hong Kong kutoka China bara. Viwanda vya nguo vikafunguliwa Tsuen Wan, na mashamba yale ya mpunga yakageuka mji. Aliyetaka kazi kiwandani alihitaji lugha ya kuelewana na wenzake, na Apo wako ni mmoja wao. Mchele wa bei nafuu wa kutoka nje uliwavunja moyo wakulima wa vijijini, vijana wakaenda Uingereza kufanya kazi kwenye mikahawa. Serikali ya kikoloni ilipojenga bwawa la Plover Cove miaka ya 1960, vijiji vya Wahakka vilihamishiwa Tai Po, na waliozoea kuishi wenyewe kwa wenyewe wakajikuta mjini. Kisha redio, televisheni na shule, vyote kwa Kikantoni. Hata makanisa yaliyotokana na wamisionari wa Basel, Uswisi, walioanza kazi kati ya Wahakka wa Hong Kong mwaka 1847, leo kwa sehemu kubwa yanaendesha ibada kwa Kikantoni. Zile beti anazoziimba Apo jioni huenda ndizo mabaki ya kanisa la utoto wake. Kufikia hesabu ya watu ya 2016, wanaotumia Kihakka kama lugha yao ya kila siku hawakufika asilimia 1 ya wakazi wa Hong Kong. Wewe wakati huo ulikuwa hata hujajua njia ya makumbusho.

Sikwambii haya ili ukamwangushie shemeji hoja. Methali aliyoitoa ni ya Wahakka kweli, wanaipenda kuanzia Meizhou, kitovu chao huko China bara, hadi Taiwan, na huenda aliisema kwa uchungu wa kweli. Nacheka kidogo tu, kwa sababu katika vijiji vya New Territories, yaani upande wa Hong Kong mlipo nyinyi, mashamba nayo yaliuzwa. Kwa utaratibu wa mwaka 1972, mwanamume anayethibitisha kwamba ukoo wa baba yake ulikuwa kijijini mwaka 1898 ana haki ya kuomba kujenga nyumba yake. Karatasi inauliza baba yako ni nani. Haiulizi unaongea nini. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa mwenyeji halali wa kijiji cha Kihakka bila kuweza kumsalimia bibi yake, na asione upungufu wowote mpaka siku mtoto anapouleta hadharani.

Sasa mumeo. Umemtaja kama mtu anayejibu kwa Kikantoni. Lakini anayejibu amesikia. Huyu bwana ana Kihakka kizima kichwani, amekilisha masikio yake tangu utotoni, na mpango mlioupanga umemruka. Unambebesha mtoto ambaye hana, unakubebesha wewe mwenye maneno ya jikoni, na mwenye mali amekaa pembeni akigawa zamu za lugha. Kwa nini hakitoi? Hilo sitakubunia. Wengine walichekwa shuleni kwa lafudhi ya kijijini. Wengine walisikia wazazi wenyewe wakisema Kihakka hakitampatia mtu kazi. Wengine ulimi ulichelewa tu, na sasa wanaona haya kuongea kama mtoto mbele ya mama. Muulize siku ambayo hakuna aliyekasirika. Ukimuuliza kwa kumsuta atajifunga, na hapo utakuwa umeupoteza mlango pekee ulio wazi.

Na unao ufunguo wa kumfikia, ila umeuweka kwenye mabano. Umeandika kwamba bibi yako mzaa mama alikuwa wa Kibondei, halafu ukakimbia. Mwanangu, rudi hapo. Kiswahili unachokitetea leo, Muheza kwenu ndicho kilichokuwa Kikantoni. Baada ya 1967, kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na hata kabla ya hapo sokoni na kwenye mashamba ya mkonge ambako watu wa kila kabila walichanganyika, watoto wengi walisikia Kibondei wakajibu Kiswahili. Hawakuwachukia bibi zao. Waliitikia kwa lugha waliyochezea. Silisemi hili kukunyang'anya haki ya Kiswahili chako, ni mali yako halali na mama yako yuko hai anaitumia kila Jumapili. Nalisema kwa sababu wewe na mumeo mna historia moja na hamjawahi kuizungumza. Mwambie bibi yako alivyokuwa akikuita, na wewe ulivyokuwa ukiitika. Nadhani atakuelewa haraka kuliko akisikia hoja yoyote ya haki za mama.

Tuje kwenye njia ulizonazo.

Tuseme umekubali, umeacha Kiswahili. Utamlea kwa lugha gani? Kikantoni chako cha dukani kinatosha kununua samaki. Je, kinatosha kumtuliza mtoto anayelia usiku, kumkanya bila kumdhalilisha, kumweleza kifo siku Apo atakapoondoka? Mama yako Muheza atabaki kupungia mkono kwenye kioo cha simu. Na saa zitakazoachwa wazi na Kiswahili hakuna mwenye dhamana kwamba zitakwenda kwa Kihakka. Kwa shule za huko na kazi zake za nyumbani, mimi ningetazamia zichukuliwe na Kikantoni na Kiingereza. Mtakuwa mmetoa sadaka isiyofika madhabahuni. Hata hivyo wewe ndiye unayemjua mtoto wako, na wapo kina mama waliofanya hivyo wakalea vizuri.

Hoja ya kwamba lugha tano ni nyingi ina ukweli nusu. Kichwa cha mtoto hakijai. Bukavu mtoto wa kawaida anaongea Kimashi kwa bibi, Kiswahili mtaani na Kifaransa darasani, wala hapelekwi hospitali. Kinachojaa ni siku. Lugha inataka saa, na inataka mtu ambaye mtoto akimnyima lugha hiyo atakosa kitu. Kwa hiyo usiulize ngapi, uliza nani atampa ipi, saa ngapi. Na jiandae kwa matokeo ya katikati: mtoto anayemwelewa Apo na kumjibu kwa maneno ya kuokoteza, akichanganya na Kikantoni. Watu wa ukoo wanaweza kuliona hilo ni kushindwa. Apo, sidhani.

Longgang ningeitazama mara mbili. Ni kweli upande ule wa mashariki wa Shenzhen ni ardhi ya Wahakka tangu zamani, na Kihakka cha kule kinakaribiana na cha Hong Kong, kwa hiyo wazo halikutoka hewani. Lakini tangu 1980, ilipofanywa eneo maalumu la uchumi, Shenzhen imepokea watu kutoka majimbo yote ya China hadi kupita milioni 17 katika sensa ya 2020, na hawa wote wanaelewana kwa Kimandarini. Shule ni kwa Kimandarini, kwa sheria. Shangazi yenu ataongea Kihakka na rika lake. Watoto atakaocheza nao uwanjani wataongea kingine. Mwanao anaweza kurudi na Kimandarini kizuri, akiwa amekaa wiki nyingi mbali na bibi ambaye ndiye sababu ya safari. Mkienda, nendeni pamoja, na Apo akiwemo kama daktari anaruhusu. Hapo mtoto atawaona wazee wawili wakicheka kwa lugha ambayo nyumbani anaiona ya mtu mmoja mgonjwa. Hilo lina thamani yake.

Mnaweza pia kuacha Kihakka kipite, mkaendelea kama mlivyo. Hiyo nayo ni njia, na ina heshima kuliko kuahidi jambo na kulitelekeza. Ubaya wake ni kwamba wakati wenu na Apo ni mfupi, na mumeo akija kujuta baadaye, hakuna pa kurudi.

Au mumeo aanze. Jioni, akirudi kazini, akae na mama yake, amjibu kwa Kihakka, hata akikosea, na mtoto awe pale pale anacheza. Asifundishwe, asisahihishwe, asipimwe mbele ya wageni. Mpe Apo kazi za mikono na mjukuu: kukanda unga wa zile keki za mvuke wanazoziita cha kwo, kukunja nguo, kuimba ubeti mmoja wa wimbo wake. Hatari yake naijua: baada ya wiki mbili mume atachoka, atarudi kwenye Kikantoni, nawe utageuka askari wa zamu. Kubalianeni mapema kwamba hilo si jukumu lako.

Usitazamie makubwa kupita kiasi. Taiwan wana Wahakka wengi kuliko Hong Kong. Tarehe 28 Desemba 1988 waliandamana Taipei kwa maelfu kudai lugha yao, mwaka 2001 serikali ikaunda baraza la mambo ya Wahakka, 2003 ikaja televisheni ya Kihakka, na hata kwenye treni za mjini Taipei vituo vinatangazwa kwa Kihakka. Pamoja na hayo yote wazazi wengi wa mjini wanaendelea kuwasemesha watoto wao Kimandarini. Kama dola yenye bajeti inahangaika, usijihukumu wewe na sufuria zako.

Liko jambo moja ambalo halihitaji kungoja uamuzi wowote, nalo ni Apo mwenyewe. Sijaona kwenye barua mahali alipoulizwa anataka nini. Inawezekana anataka mjukuu mwenye lugha. Inawezekana anataka mtu wa kupiga naye soga basi. Tafuteni wazee wa kanisani au wa kijiji cha zamani wanaoweza kumtembelea au kumpigia simu. Na mkimpeleka kliniki, mwambieni daktari kwamba lugha yake ya kwanza ni Kihakka. Mzee akipimwa kumbukumbu kwa Kikantoni kilichomtoka, ataonekana amepotea kuliko alivyo, na dawa na maamuzi yatafuata kipimo hicho. Mumeo aingie naye akatafsiri. Kama Apo hatajali, rekodini kwa simu anavyosimulia habari za kiwandani na mlimani, mkiwa mnakula machungwa, bila kumsimamisha kama shahidi mahakamani.

Kuhusu shemeji, mimi nisingemjibu. Ni kaka wa mumeo na maneno yale yalisemwa juu ya mwana wa mumeo, kwa hiyo jibu ni la mumeo, kwa lugha atakayochagua. Ila mkiona inafaa, mwalikeni aje Jumamosi moja jioni, saa ambazo Kikantoni cha mama yake kimekwisha, akae naye peke yake wakati nyinyi mnampeleka mtoto nje kucheza. Kisha uniandikie ilikuwaje, na uniambie pia mama yako Muheza anakumbuka kiasi gani cha Kibondei, maana hilo hukulisema.